Joistiki ya Zamani Yaweza Kutumika Bila Waya Pasipo Kuharibiwa

Katika nyumba nyingi hupatikana kabati au sanduku lililojaa vyombo ambavyo havitumiki tena, lakini hakuna mwenye moyo wa kuvitupa: redio ya babu, saa iliyosimama, kamera ya filamu. Na katika nyumba za wale walioishi ng'ambo, au waliopata kuletewa zawadi na jamaa zao, huenda ukauona mtambo wa michezo ya televisheni wa miaka ya 1970 au 1980 pamoja na joistiki zake, yaani vile vijiti vyeusi vya kushika mkononi ambavyo mchezaji huviinamisha huku na huku.

Vijana wa leo wakikiona chombo hicho huvutiwa nacho, na mara huuliza: Je, chaweza kuunganishwa na kompyuta au simu ya siku hizi, tena bila waya? Jawabu letu ni kwamba chaweza, na gharama yake si kubwa. Lakini iko njia inayokiua chombo, na iko njia inayokihifadhi. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya njia hizo, kwa sababu waya unaokatwa kwa mkasi katika dakika moja hauwi tena kama ulivyokuwa, na mwenye chombo pengine ni baba au mjomba ambaye hakuulizwa.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Tutachukua mfano wa joistiki moja tu, nayo ni mashuhuri kupita zote. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya California, huko Marekani, ilianza kuuza mtambo wa michezo wa kuunganishwa na televisheni, ambao kuanzia mwaka 1982 uliitwa Atari 2600. Joistiki yake ya kwanza iliitwa CX10. Mwaka uliofuata, yaani 1978, ikaja nyingine iliyoitwa CX40, ambayo umbo lake la ndani lilikuwa rahisi zaidi. Hii ndiyo iliyoenea. Ina kitako cheusi cha mraba, kijiti kimoja katikati kilichovikwa mpira, na kitufe kimoja chekundu katika pembe ya juu upande wa kushoto.

Waya wake huishia katika plagi yenye matundu 9. Plagi hiyo ikawa mfano wa lugha moja inayosemwa na mataifa mengi, kwa maana makampuni mengine nayo yaliifuata. Kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 iliipokea, na Amiga ya mwaka 1985 pia. Hata huko Kuwait, kampuni ya Al-Alamiah iliyoasisiwa na Mohammed Al-Sharekh ilipotoa kompyuta za Kiarabu zilizoitwa Sakhr katika miaka ya 1980, zile zilizokuwa za aina ya MSX zilikuwa na tundu la pini 9 vilevile. Basi joistiki ambayo familia ililetewa kutoka nchi za Ghuba huenda si ya Atari, bali ni ya ukoo huo. Mwenye nayo asidhani kuwa yote ni sawasawa, kwani MSX hupanga baadhi ya pini zake kwa namna nyingine. Haya tunayoyaeleza hapa ni ya CX40.

NDANI YAKE MNA NINI

Mtu akifungua skrubu 4 zilizo chini ya kitako, atastaajabu kwa uchache wa vitu atakavyoviona. Hamna mashine ngumu. Uko ubao mmoja mdogo wa saketi, na juu yake ziko swichi 5: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, na ya kitufe. Kila swichi ni kipande kidogo cha bati kilichobinuka kama kifuniko cha chungu. Kikigandamizwa hugusa ubao na kupitisha umeme. Kikiachwa huinuka chenyewe na kuukata.

Nyaya ni 6 tu. Mweupe ni wa juu, wa buluu ni wa chini, wa kijani ni wa kushoto, wa kahawia ni wa kulia, wa rangi ya machungwa ni wa kitufe, na mweusi ni waya wa pamoja unaozihudumia swichi zote. Katika plagi, nyaya hizo hukaa katika pini ya 1, 2, 3, 4, 6 na 8 kwa mfuatano huo. Mchezaji akiinamisha kijiti kushoto, waya wa kijani huungana na ule mweusi. Wala hakuna jambo jingine linalotokea. Akikiinamisha kwa mshazari, swichi mbili hugandamizwa pamoja, na kwa njia hiyo swichi 4 hutoa pande 8.

Urahisi huo ndio uliokipa chombo hiki umri mrefu. Chombo ambacho siri yake yote ni nyaya 6 chaweza kufahamiwa na kijana wa shule, na kinachofahamika hutengenezeka.

JARIBIO LA MWAKA 1983

Haja ya kuuondoa waya si mpya. Mwaka 1983 Atari wenyewe waliuza joistiki mbili zisizo na waya, zilizoitwa CX42, ambazo zilipeleka habari kwa mawimbi ya redio hadi katika kipokezi kilichochomekwa kwenye mtambo. Lakini mitambo ya redio ya wakati huo ilihitaji nafasi, na betri ya volti 9 nayo ilihitaji nafasi yake, hata kitako kikawa kikubwa mno kuliko kile cha asili. Chombo kilichopendwa kwa kukaa vema kiganjani kikawa kizito na kikubwa. Fikira ilikuwa njema, lakini ufundi wa wakati ule ulikuwa haujafika.

MAIKROKONTROLA NI NINI

Siku hizi ufundi umefika. Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyofumbatwa ndani ya chipu moja, ikiwa na akili yake, kumbukumbu yake, na milango ya kupokea na kutoa umeme. Moja iliyo maarufu ni ESP32, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, China. Ndani yake mna redio ya Wi-Fi na ya Bluetooth, na huuzwa ikiwa imekwisha wekwa juu ya ubao mdogo unaolingana na vidole viwili vya mtu.

Yafaa tuwape vijana kipimo cha mambo yalivyobadilika. Mtambo mzima wa Atari 2600 ulikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu. ESP32 ina kilobaiti 520, yaani zaidi ya mara 4,000. Kwa hiyo chipu tunayoiweka ili itumikie kijiti peke yake ina nafasi ya kufikiri mara maelfu kuliko ule mtambo ambao kijiti hicho kilitengenezwa kuutumikia.

Nayo hufanya kazi hivi. Ndani ya chipu mna rezista ambazo, kwa amri ya programu, huushikilia kila mlango katika volti 3.3. Swichi ikiwa haikugandamizwa, chipu husoma 1. Ikigandamizwa, mlango huunganishwa na waya mweusi, umeme wake hushuka, na chipu husoma 0. Basi kazi yote ya programu ni kuitazama milango 5 tena na tena, kisha kutangaza kwa Bluetooth ni upi ulioshuka. Simu au kompyuta iliyo karibu huipokea kana kwamba ni pedi ya michezo ya kununuliwa dukani. Programu ya kazi hiyo huandikwa kwa urahisi katika mazingira ya Arduino, ambamo tayari iko maktaba ya kuifanya ESP32 ijitambulishe kuwa pedi.

Yako mambo mawili ambayo huwakwaza wanaoanza. La kwanza ni uchaguzi wa milango. Katika ESP32, milango ya namba 34 hadi 39 hupokea tu, wala haina zile rezista za ndani. Mtu akiitumia pasipo kuongeza rezista ya nje, joistiki itafanya wazimu, itakwenda kushoto bila kuguswa. Namba 25, 26, 27, 32 na 33 ni salama, nazo ni 5 kamili, sawa na haja yetu. La pili ni mruko wa swichi. Bati linapogusa bati jingine halitulii papo hapo, bali hurukaruka kwa muda wa milisekunde chache, na chipu kwa wepesi wake huhesabu mibonyezo mingi pahali pa mmoja. Dawa yake ni kuiamuru programu isubiri milisekunde 5 hivi, kisha ithibitishe kabla ya kutangaza.

Wako wanaohofu kwamba redio itachelewesha mchezo. Aina ya Bluetooth inayotumia umeme kidogo yaweza kupeleka habari kila baada ya milisekunde 7.5, ikiwa pande zote mbili zimekubaliana. Picha ya televisheni za zamani za Marekani hubadilika mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 17 hivi. Kwa hiyo redio yenyewe, ikipangwa vema, haicheleweshi hata picha moja.

NJIA TATU, NA ILIYO BORA

Sasa tumefika katika kiini cha maneno yetu. Ziko njia tatu za kuiunganisha chipu hii na joistiki.

Njia ya kwanza ni kukata waya, kuzilehemu nyaya zake katika ubao wa ESP32, kutoboa kitako kwa ajili ya tundu la kuchajia, na kuvishindilia vitu vyote ndani. Njia hii hupendwa na wenye haraka, kwa sababu matokeo yake hupendeza macho. Lakini tangu siku hiyo chombo hakitarudi tena katika mtambo wake wa asili, na mtoboo wa plastiki hauzibiki. Sisi hatuwashauri wasomaji wetu kuifuata.

Njia ya pili ni ya kati. Katika CX40 nyaya hazikulehemiwa katika ubao, bali kila waya una kichwa kidogo cha bati kilichochomekwa kwenye pini yake. Kwa hiyo yawezekana kuvichomoa vichwa hivyo kwa upole kwa koleo ndogo, kuukunja waya wa asili na kuuhifadhi katika mfuko ulioandikwa jina, kisha kuchomeka nyaya mpya zinazokwenda kwenye chipu. Siku yo yote mwenye chombo akitaka, kitarudi kama kilivyotoka kiwandani. Njia hii ni halali kwa chombo, ila inamhitaji mtu mtulivu, na ina shida moja kubwa ya betri ambayo tutaieleza.

Njia ya tatu ni kutengeneza kisanduku kidogo cha nje. Joistiki haifunguliwi hata kidogo. Katika kisanduku huwekwa ESP32, betri, na tundu lenye pini 9 zilizotokeza, la namna ile ile iliyokuwa nyuma ya kompyuta za zamani kwa ajili ya vyombo kama maus na modemu. Fundi wa kompyuta mara nyingi anayo matundu hayo katika mabaki yake. Zile skrubu mbili za pembeni mwa tundu yafaa ziondolewe, maana huizuia plagi ya joistiki isiingie hadi mwisho. Mchezaji huchomeka joistiki katika kisanduku, hukiweka kisanduku kando yake, na tangu hapo hadi kwenye televisheni hakuna waya unaopita sebuleni wa kuwakwaza watoto na wazee.

Atasema msomaji: Lakini waya wa joistiki ungalipo! Ni kweli, ungalipo; tumeufupisha mwendo wake tu. Lakini tazama faida zake. Chombo hakikuguswa. Kisanduku kimoja chaweza kutumikia joistiki nyingine za ukoo huo wa Atari. Kikiharibika, kinachotupwa ni kisanduku, si kumbukumbu ya nyumba. Na kijana akikosea katika kulehemu, kosa lake linabaki katika ubao wa bei ndogo. Kisanduku kiwe cha plastiki au cha mbao, wala kisiwe cha bati, kwa sababu bati huzuia mawimbi ya redio.

HATARI YA BETRI

Katika kazi hii yote hakuna panapohitaji uangalifu kama betri. Joistiki haina uwezo wa kumdhuru mtu, na umeme wa volti 3.3 hautishi. Lakini betri ya lithiamu iliyochajiwa vibaya huvimba, hushika moto, na moto wake ni mgumu kuuzima.

Vijana wengi hununua ubao mdogo wa kuchajia uitwao TP4056, ambao hupatikana kwa bei nafuu. Kama unavyouzwa kwa kawaida, ubao huo huwa umepangwa kutoa ampia 1 nzima, kwa sababu ya rezista yake ya omu 1,200. Lakini betri inayoweza kuenea ndani ya joistiki ni ndogo, mathalan ya miliampia-saa 400, nayo kwa kawaida haitakiwi kupokea zaidi ya miliampia 400 hivi. Kuipa ampia 1 ni kama kumlazimisha mtoto mchanga kula sahani ya mtu mzima. Hapana budi rezista hiyo ibadilishwe. Ikiwekwa ya omu 10,000, ubao hutoa miliampia 130 hivi, ambazo betri hiyo huzipokea kwa salama. Kadhalika, ubao uwe wa aina yenye kinga ya kukata umeme, na betri iliyotolewa katika simu mbovu, au iliyovimba hata kidogo, isitumiwe katu.

Hapa ndipo kile kisanduku cha nje kinapozidi kuonyesha ubora wake. Kwa kuwa nafasi ipo, hatuna haja ya lithiamu. Betri 4 za kawaida za ukubwa wa AA za aina ya NiMH, zile zinazochajiwa katika chaja yake mbali na chombo, hutoa volti 4.8 zikiunganishwa kwa mfuatano. Hizo huingizwa katika mlango wa volti 5 wa ubao wa ESP32, na ubao wenyewe huzipunguza hadi 3.3. Ikiwa ubao unatumia miliampia 100, betri za miliampia-saa 2,000 zitadumu kwa saa 20 hivi. Swichi ndogo ya kuwasha na kuzima iwekwe katika waya wa betri. Na wakati wa kuingiza programu kwa waya wa USB, betri zitolewe kwanza, ili umeme wa pande mbili usikutane.

MPANGO WA KAZI

Kwa anayetaka kuanza, twamshauri afuate mpango huu.

Kwanza, apate idhini ya mwenye chombo, na amweleze anachotaka kufanya.

Pili, kabla ya jambo lo lote, aipime joistiki kwa mita ya umeme. Aweke ncha moja ya mita katika tundu la 8 la plagi, na ncha nyingine katika tundu la 1, 2, 3, 4 na 6, mmoja baada ya mwingine, huku akiinamisha kijiti na kubonyeza kitufe. Upande usioitika ama waya wake umekatika, ama bati lake limeshika uchafu. Uchafu hufutwa kwa pamba na spiriti ya kusafishia. Mara nyingi chombo kinachosemwa kuwa kimekufa huwa kinahitaji hayo tu.

Tatu, aunganishe kila kitu kwanza juu ya ubao wa majaribio, pasipo kulehemu, aandike programu na kuijaribu katika simu au kompyuta.

Nne, baada ya kuhakikisha, alehemu na kufunga kisanduku. Kulehemu kufanywe mahali penye hewa, mbali na wadogo, na mikono ioshwe baada ya kazi, kwa kuwa risasi ya kulehemu ina sumu.

Ama yule ambaye mtambo wake wa zamani ungali mzima, na anataka joistiki izungumze na mtambo huo bila waya, atahitaji ESP32 ya pili iwe kipokezi. Hiyo hugandamiza swichi kwa niaba ya mkono, kwa kutumia vifaa viitwavyo optokapla, ambavyo hutenganisha umeme wa volti 5 wa mtambo na ule wa volti 3.3 wa chipu. Kipokezi kipewe umeme wake chenyewe, kwani redio ya ESP32 huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na si vema kumtwika mzigo huo mtambo uliopita miaka 40.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Wako watakaosema kwamba pedi mpya yapatikana dukani, basi taabu hii ya nini? Tunajibu kwamba yapatikana, lakini nayo itatupwa. Ripoti ya ulimwengu ya taka za vyombo vya umeme iliyotolewa mwaka 2024, kwa ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ilieleza kuwa katika mwaka 2022 wanadamu walitupa kilo bilioni 62 za taka hizo, na kwamba chini ya robo yake ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kutengenezwa upya. Joistiki moja haitaipunguza hesabu hiyo. Lakini mazoea ya kijana anayeuliza "Kimeharibika nini?" kabla ya kuuliza "Kipya ni bei gani?" yataambatana naye katika maisha yake yote, na mtu wa namna hiyo hawi mfujaji.

Zaidi ya hayo, kazi hii ni darasa. Ndani yake mna elimu ya umeme, ya redio, ya kuandika programu, na juu ya yote, adabu ya kushughulika na kitu kisicho chako. Kijana anayejua kwamba lililo lepesi ni kukata, kisha akachagua njia ya kuhifadhi, amejifunza jambo lililo kubwa kuliko ESP32. Chombo cha mzee kilichowekwa mikononi mwake ni amana, na amana hurudishwa ikiwa salama.

Basi wazazi wasiwazuie vijana wao wanaotaka kujaribu, bali wakae pamoja nao mezani, hasa wakati wa kushika pasi ya kulehemu na betri. Na vijana nao wawaombe wazee waeleze chombo kilitoka wapi, nani alikileta, na mwaka gani. Habari hizo waziandike katika karatasi na kuziweka ndani ya kisanduku pamoja na ramani ya nyaya zao, ili atakayekifungua baada ya miaka mingine 40 ajue kilichofanywa, na ajue namna ya kukirudisha kilivyokuwa.